Nadhiri za Laini ya Mifuko

Jumatatu, 3 Machi

Choo cha wanawake kinanukia stroberi. Nimefanya kazi viwandani tangu nikiwa msichana, kwanza kwetu Athi River, sasa hapa Masoro ugenini, na sijawahi kukutana na choo kinachonukia tunda. Nilisimama mlangoni nikanusa kama mpumbavu. Kisha nikazunguka nyuma, kwenye kibanda cha maboksi ya zipu, na hapo nikawakuta: nusu ya laini yangu, washonaji wa mifuko ninaowasimamia, wamejikunyata wasilowe, wanapokezana kidude cha rangi ya waridi kisichozidi kidole. Wanakiita vepu, sigara ya betri. Wengine walikuwa na sigara za kawaida. Gatera alikuwa anachekesha wenzake. Ihirwe alikuwa amefumba macho.

Hakuna aliyekimbia. Gatera alisema, "Shefu, hii si sigara. Hii iko mvuke tu, kama ya pasi."

Nilimwambia mvuke wa pasi haufukuzishi mtu kazi. Amri ya kiwanda imebandikwa getini na kila mtu anaijua: anayevuta ndani ya ua, awe amevuta nini, anaondoka siku hiyo hiyo. Ghala la vitambaa liko pale pale nyuma ya kibanda, na cheche moja inatosha.

Niseme ukweli, sikuwahurumia. Niliwaza mifuko. Tuna oda ya makoti ya walinzi, kila koti lina mifuko ya nje yenye vifuniko na mwingine wa ndani, na hao niliowakuta ndio mikono yangu bora. Nikiwapeleka ofisini, kesho nitashona mwenyewe. Niliwanyang'anya walivyokuwa navyo nikawarudisha kwenye cherehani. Nimefika nyumbani Kinyinya na hasira, na mkoba wangu unanukia stroberi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Scovia, mkuu wa wafanyakazi. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri, lakini yule mama hadanganyiki. Ni Mnyarwanda aliyekulia Mbarara, na huongea polepole sana, kiasi kwamba unaanza kukiri mambo ambayo hajakuuliza. Nikamweleza yote.

"Dada Anyango," alisema, "sasa wewe unataka mimi nivunje amri."

"Nataka uicheleweshe tu. Nipe masika haya. Mvua ikiisha na bado wanavuta, wafukuze, na mimi nifuate nyuma yao."

Alifunga daftari lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Basi waweke imihigo."

Huku imihigo iko kila mahali. Meya anaahidi hadharani atakachofanya mwaka huo, shule inaahidi, familia inaahidi, na mwisho wake unapimwa mbele za watu. Hata laini zetu zina ubao wa imihigo ukutani: makoti mangapi, kasoro ngapi. Nililipenda wazo hilo mara moja, nikaongeza la kwangu: kila atakayeapa nitamshonea kitambaa cha kijani kifuani kwenye aproni. Akivuta, hata mara moja, atakifumua mwenyewe. Scovia alisema hiyo iko nzuri sana. Nikatoka ofisini nikijiona nina akili.

Ijumaa, 7 Machi

Wameapa. Tulizima cherehani kabla ya chakula, laini zote zikageuka kututazama. Kila mmoja alisogea mbele, akataja jina, akasema kwa Kinyarwanda kwamba hatavuta tena, na watu wakapiga makofi. Gatera alisema yake kwa sauti ya mhubiri, akaongeza kwamba atakayemwona na sigara amlishe majivu. Kiwanda kizima kilicheka. Gisa, mdogo kuliko wote, aliapa akitazama viatu vyake. Ihirwe alisema haraka na kurudi kwenye cherehani kabla makofi hayajaisha.

Msichana huyu simwelewi. Hakuna anayeshona mfuko ulionyooka kama wake, lakini usoni ana kiburi, au mimi ndiye ninayekiona. Ukimsalimia Gatera unaondoka umefurahi. Ukimsalimia Ihirwe unabaki ukijiuliza umemkosea nini.

Vile vitambaa vya kijani vimewapendeza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Gisa ametapika asubuhi, anasema ni kuacha kunakomtesa. Nimempa chai ya tangawizi.

Jumatatu, 17 Machi

Laini imekuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Wanagombea mkasi, wanavunja sindano, wanajibizana kwa mambo ya kipuuzi. Nimenunua peremende nimeziweka kwenye kopo mezani pangu. Nimewaambia: hamu ikija, inuka, kunywa maji, tembea hadi mlango wa ghala na urudi, mikono isikae bure. Itapungua.

Hayo amenifundisha Jovina, jirani yangu, muuguzi kutoka Bukoba ambaye hucheka kila kitu changu. Nilipomwonyesha picha ya aproni hakucheka.

"Na atakayeteleza?"

Nikamwambia hatateleza mtu.

"Wewe Anyango ambaye unaacha sukari kila Januari?"

Sikumkaribisha chai.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nilimkuta Ihirwe amesimama kwenye meza yangu ya ukaguzi. Kiganjani alikuwa na kitambaa cha kijani, kimefumuliwa vizuri bila uzi kuning'inia.

"Shefu, mimi nilivuta. Jana. Mara moja."

"Kwa nini?"

"Iko shida nyumbani. Mwenye nyumba alitupigia kelele, mimi na mdogo wangu tukakaa inje, mvua ikatukuta. Jirani alikuwa nayo. Nikavuta. Ulisema mtu akivuta afumue, nimefumua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mema, nikasema yale mengine. Nilimwuliza, mbele ya wote waliokuwa wanaingia, kama hiyo ndiyo nadhiri ya mtu mzima. Nilimwambia nimeweka kazi yangu rehani kwa ajili yake. Alisimama tu na kile kitambaa, na kwa kuwa hakulia nilizidi kukasirika. Nikamtoa kwenye mifuko, nikampeleka meza ya mwisho, kukata nyuzi kabla makoti hayajaenda kwenye pasi. Ni kazi ya wanaoanza.

"Mpaka lini, Shefu?"

"Mpaka nikuamini."

Laini nzima ilisikia. Baadaye Gatera alikuja kuniambia kwa sauti ndogo, "Usihangaike, Shefu. Sisi tumebaki tuko imara." Nilimshukuru kwa moyo wote.

Ijumaa, 21 Machi

Mifuko ya kushoto inapinda. Aliyechukua nafasi ya Ihirwe hana mkono wa kazi.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro wa barabara yetu, tope hadi magotini. Kwenye mkutano baada ya kazi mkuu wa mtaa alinisimamisha nieleze jinsi nilivyowatoa vijana kwenye moshi, maana habari zimeshafika. Nikaeleza. Walipiga makofi. Jovina alikuwa ameegemea jembe lake, hakupiga.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Redio ya kiwandani imezimwa na kazi tunafunga mchana. Watu wanaongea kwa sauti za chini, nami pia.

Jumatano, 16 Aprili

Tangu Ihirwe, hakuna mwingine aliyefumua kitambaa. Nilipaswa kufurahi, na Scovia anafurahi kwa niaba yangu. Lakini peremende zinakwisha upesi kupita kiasi. Wanakwenda chooni mmoja mmoja, zamani walikwenda kwa makundi. Na choo sasa kinanukia dawa ya meno.

Nimemwuliza Gisa, "Unaendeleaje?" Akasema, "Sawa, Shefu." Nimemwuliza aliye pembeni yake, sawa. Gatera, sawa sana. Nilizunguka laini yote nikapewa "sawa" moja kila cherehani. Ihirwe sikumwuliza. Ana mkasi wake na kichwa chake kimeinama, na mimi bado nina kinyongo.

Jumanne, 22 Aprili

Mwenye kiwanda alikuja na wageni. Gatera aliwaeleza jinsi alivyoacha, wakampiga picha amesimama chini ya ubao wa imihigo. Scovia anataka vitambaa vya kijani laini zote. Nilisema ndiyo.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya, nasubiri Mutesi afungwe mkono.

Ilikuwa kama saa moja baada ya chai. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba sikusikia mlio wowote, niliona tu. Mutesi ndiye anayesimamia mashine ya pasi, ile ya ubao wa juu unaoshuka kubana nguo. Huwa anaimba nyimbo za kwaya yake akifanya kazi. Alilaza koti, akashusha ubao, na kutoka katikati ukachomoka moto mweupe unaopuliza kama jiko la gesi. Mkono wake ulikuwa bado pale. Koti likawaka, na lililofuata, na rundo lililokuwa kando. Watu walikimbilia mlango. Gatera ndiye aliyeukimbilia moto. Alimvuta Mutesi kwa kiuno, akanyakua mtungi ukutani na kupuliza mpaka meza, sakafu na yeye mwenyewe vikawa vyeupe. Asingefanya hivyo, ghala lingewaka, na laini ya kushona iko ukuta wa pili.

Tulisimama uani kwenye mvua huku majina yakisomwa. Wasichana walikuwa wanalia. Mutesi alikuwa ameingiza mkono kwenye ndoo ya maji na anarudia, "Iko nini? Iko nini imenichoma?"

Scovia alitoka na kitu juu ya kipande cha boksi. Kibetri kilichopasuka na ganda la plastiki la bluu, limeyeyuka nusu. Vepu. Ilikuwa ndani ya mfuko wa ndani wa koti, na ubao wa pasi ukaiponda.

"Hili koti nani alilikata nyuzi?" aliuliza.

"Mimi," Ihirwe akasema.

Scovia alimtazama kifuani. Wote walitazama hapo. Wenzake wana kitambaa cha kijani, yeye ana matundu madogo ya sindano pale kilipokuwa.

"Si mimi niliweka," Ihirwe alisema. Alikuwa ananitazama mimi, si Scovia. "Shefu, si mimi."

Sikusema kitu. Na nisijidanganye hapa kwenye karatasi yangu mwenyewe: sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa sababu niliamini ni yeye.

Jumatano, 30 Aprili

Ihirwe amefukuzwa. Aliikunja aproni vizuri akaiweka kwenye meza yangu, akaondoka bila kuaga. Mwenye kiwanda anataka kumpa Gatera zawadi ya ushujaa. Gatera amekuja kazini na macho mekundu, akasema ni moshi wa jana.

Nimekwenda kumwona Mutesi. Jovina alikuwa zamu, ndiye aliyekuwa anambadilishia bendeji. Nikamsimulia yote, nikitegemea anipe pole. Alimaliza kufunga kwanza.

"Katika hao wote ulioapisha," alisema, "ni wangapi waliwahi kuja kukuambia wamevuta?"

"Mmoja. Huyo huyo."

"Na ukamfanya nini?"

Nilimtazama Mutesi nikitafuta msaada, lakini Mutesi alikuwa ameshalala kwa dawa.

"Kuacha kuna kuteleza ndani yake, Anyango. Anayeteleza akaja, huyo ndiye yuko njiani. Wewe umewaonyesha wote kinachompata anayekuja."

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimekwenda Batsinda kumtafuta Ihirwe. Nyumba za pale zinafanana, nikagonga mbili zisizo zake kabla mtu hajanionyesha. Alikuwa ameketi kizingitini, na aliponiona hakuficha alichoshika. Sigara. Karibu na mguu wake kulikuwa na vipande vingine vingi.

"Karibu, Shefu. Iko kiti moja tu, kaa wewe."

Nilikaa. Mdogo wake alikuwa ndani anasoma kwa sauti, ana mtihani wiki ijayo. Niliuliza kama ni yeye aliyeweka ile vepu. Nilikuwa nimesafiri na swali hilo na sikuwa na lingine.

Hakukasirika. Alionekana amechoka tu. "Mimi nilikuja kwako na kitambaa mkononi. Nilisema nimevuta, na hakuna mtu alikuwa ameniona. Sasa nitaficha ya nini?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Unajua," aliendelea, "ile jioni nilivuta mara moja tu. Baada ya hapo hapana. Niko kwa mikasi, watu wananicheka, na sivuti. Nilitaka uniulize, Shefu. Kila siku nilisema, leo ataniuliza, nimwambie sijavuta. Hukuniuliza. Sasa sina kazi, navuta kutoka asubuhi. Muda iko mingi."

"Ni nani aliyeweka?"

"Sijui. Na nikijua, sisemi. Mutu aseme mwenyewe."

Nimerudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikinyeshewa. Yule niliyemwona mwenye kiburi alikuwa ananisubiri. Nimemfukuzisha mtu pekee aliyeniambia ukweli, tena mimi mwenyewe ndiye niliyemweka kwenye meza iliyomponza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Scovia kumwambia Ihirwe hakufanya. Aliniuliza nina ushahidi gani. Nikasema nina neno lake. "Neno lake alilivunja Machi," alisema Scovia. "Mwenye kiwanda ameshaambiwa. Lete jina lingine au acha hii maneno."

Basi nikaenda kwenye laini. Saa ya chai niliwazuia wasitoke, nikachukua wembe, nikapita cherehani kwa cherehani nikifumua vitambaa vya kijani kimoja kimoja. Niliwaambia kosa lilikuwa langu: nilitaka watu wasiovuta, nikapata watu wanaojificha. Niliwaambia Ihirwe yuko Batsinda anavuta sigara juu ya sigara kwa kosa ambalo huenda si lake. Kisha nikauliza ni nani amevuta tangu tuape, nikaahidi kwamba sitampeleka popote.

Mmoja alisema, "Sisi tuko sawa, Shefu." Gatera alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unapita pembeni kila mara.

Waniamini kwa lipi? Ningekuwa wao nisingeniamini.

Jumanne, 6 Mei

Nianze na Mutesi. Alikuja kiwandani mchana na mkono wake umefungwa hadi kwenye kiwiko, kuleta karatasi ya daktari. Badala ya kwenda ofisini alikuja moja kwa moja kwenye mifuko, kwa Gatera, na begani alikuwa amebeba mfuko wa maparachichi ya kwao.

"Gatera mwanangu," alisema, "mama yangu amesema nikuletee. Bila wewe mukono yote ingeisha. Tunakuombea kanisani."

Gatera aliyapokea. Alisema asante. Kisha akayaweka chini, akainuka, akatoka nje kwenye mvua, na cherehani yake ikabaki inanguruma bila mtu.

Nilimkuta nyuma ya kibanda cha maboksi ya zipu. Yule kijana ambaye anaweza kuchekesha ukuta alikuwa amejishika kichwa.

"Iko yangu," alisema. "Ile ya bluu iko yangu, Shefu. Mlinzi alikuwa anakuja kutupapasa kabla ya chai, nikaitia ndani ya koti nililokuwa nashona. Nilisema nitaitoa nikirudi. Narudi, wamebeba makoti yote."

"Kwa nini hukusema, Gatera? Koti lilikuwa linakwenda kwenye pasi."

"Ningesema nini? Mimi nilipigwa picha." Alijifuta uso na aproni. "Nilivuta jioni ile ile ya kuapa. Nilitaka kukuambia. Nilikuwa nakuja, Ihirwe akanitangulia siku moja. Nikaona ulivyomfanyia."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwuliza kama anaweza kusema hayo hayo ofisini. Alisema peke yake hawezi. Nikamshika mkono tukaenda.

Mutesi alikuwa bado kwa Scovia. Gatera hakumtaka atoke. Alisema yote mbele yake, akasimama wima, na safari hii hakutumia sauti ya mhubiri. Alipofika kwenye neno "yangu" alimgeukia yeye. "Mbabarira, mama. Nisamehe."

Mutesi aliutazama mkono wake.

"Maombi yetu sijui tutayafanyaje sasa," alisema. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Scovia alisema amri ni amri, na kwamba hapa pana mtu aliyeumia. Hapo nikaongea. Nilimwambia nilimwadhibu wa kwanza aliyesema ukweli na tukapata moto. Tukimfukuza na wa pili, wa tatu hatatokea kamwe, ila moto mwingine. Nilikuwa napaza sauti. Nilimwambia kama anataka mtu wa kumfukuza, tulikubaliana Machi ni nani.

"Mutesi," Scovia aliuliza, "wewe ndiye umeungua. Unasema nini?"

"Nimekasirika," Mutesi alisema. "Nitakasirika mpaka mukono ipone, labda na kupita. Lakini mukimutoa huyu, atakayekuja baadaye ataficha vizuri zaidi, na mimi ndiye niko kwa pasi."

Scovia alituambia tutoke sote.

Alhamisi, 8 Mei

Gatera ametolewa kwenye kushona, amepelekwa uani kupakia magari, barua ya onyo mkononi. Picha yake imeshushwa. Ihirwe anarudi Jumatatu.

Scovia alikuja mwenyewe kufuta ubao wetu wa imihigo, sehemu ile ya moshi. Nilitarajia maneno makali. Alifuta polepole, kama anavyoongea.

"Mimi ndiye nilisema imihigo," alisema. "Ukiahidi kujenga barabara, barabara haioni haya, mtu anaona. Sikufikiria." Nilimkaribisha chai, na tulikunywa pamoja. Nimemwonea mama huyu kwa kumdhania moyo wa jiwe.

Jumatatu, 12 Mei

Ihirwe amerudi. Nilimsubiri getini nimwombe msamaha, na nilimwomba, mbele ya waliokuwa wanaingia, maana nilimkosea mbele yao. Alisikiliza akiwa ameinamisha macho. Nilimwambia cherehani yake iko palepale, kwenye mifuko.

"Nitaapa tena?"

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kila asubuhi nikuulize jana ilikuwaje, na wewe unijibu ilivyokuwa."

Alifikiri. "Jana nilivuta, Shefu. Nyingi. Siwezi kukata zote mara moja."

"Ya kwanza ya siku huwa unaivuta lini?"

"Nikiamka tu."

"Hiyo tuanze nayo. Ukiamka, nipigie simu kabla hujaiwasha. Hata kama huna la kusema."

Jumanne, 13 Mei

Amepiga. Hakuwa na la kusema, kweli. Tulisikilizana tukipumua, nikamwambia naandaa uji, akaniambia anaoga.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imepungua. Gatera ananisalimia kutoka uani bila mizaha, na juzi aliniambia kwa hiari yake kwamba amevuta sigara mbili na amechukia zote. Jovina alikuja Jumamosi iliyopita kuongea naye na Ihirwe kwangu nyumbani. Aliwaeleza mwili unavyodai sigara, na kwamba wakishindwa wasijifiche, waje kituoni. Wengine wote kwenye laini bado wako "sawa".

Ihirwe huamka, hupiga, na asubuhi nyingi hawashi. Nimegundua anacheka. Ana pengo dogo mbele, ndiyo maana huwa hafungui mdomo.

Jumatatu, 2 Juni

Leo oda ya makoti imekwisha. Wiki nzima Ihirwe alikuwa ananijibu getini, "Jana hapana, Shefu," na mimi, nikiri, nilikuwa nimeshaanza kujivuna. Nilikuwa nimemwambia hata Scovia.

Asubuhi simu haikulia. Getini alikuja wa mwisho mwisho, foleni nzima mbele yake, na nilijua kabla hajafika.

"Jana nilivuta," alisema. Hakushusha sauti. "Mdogo wangu ameanguka mtihani, tukagombana, nikaenda dukani. Nilimaliza pakiti."

Hasira ilinipanda, ile ile ya Machi. Wengine walikuwa wamesimama wanatazama. Gisa alikuwa nyuma yake, na alikuwa ameacha kutafuna peremende. Niliona wazi kwamba hawamtazami Ihirwe, wananitazama mimi.

"Pole," nikasema. "Na leo ukiamka?"

"Leo bado sijawasha. Niliogopa kupiga."

"Kesho ogopa halafu upige. Ingia, mifuko inakungoja. Jioni mje Kinyinya wewe na mdogo wako, tule pamoja."

Alinitazama kuhakikisha nimemaliza. Kisha akaingia.

Gisa hakumfuata. Alibaki pale pale kwenye lango, mikono mfukoni, na watu wakaanza kumsukuma apite. Tangu Machi sijasikia neno lolote kutoka kwake zaidi ya sawa.

"Shefu," alisema, "mimi hujaniuliza."

"Jana ilikuwaje, Gisa?"

Alitoa mikono mfukoni. "Jana nilivuta, Shefu," alisema, na nyuma yake foleni ikatulia.